Naomba ushauri: kukarabati jiko dogo la nyumba ya zamani kwa shilingi milioni 3

Mleta mada

Ndugu wanajukwaa, salaam. Naomba ushauri kuhusu jiko la nyumba yetu iliyopo Tanga, ambayo marehemu baba aliijenga mwaka 1994 na ambayo mimi na familia yangu tulihamia mwaka jana ili tukae na mama. Chumba kina upana wa mita 2.4 na urefu wa mita 3.2, na sinki liko chini ya dirisha linalotazama uani. Tunapikia gesi, lakini mama anashikilia kwamba wali wa nazi unataka mkaa, kwa hiyo jiko la mkaa nalo hukaa mlangoni na kuziba njia. Sufuria zimepangwa sakafuni, na soketi ni moja tu, inayogombewa na friji na birika.

Nimetenga shilingi milioni 3. Fundi niliyemwita anataka kulihamishia sinki ukuta wa pili, kuzungusha makabati ya MDF (mbao za unga wa mbao ulioshindiliwa kwa gundi) chumba kizima na kuweka kaunta ya graniti, na makadirio yake yamefika milioni 7 na laki 4. Je, nianze na lipi, na lipi linaweza kusubiri?

Fundi Mstaafu

Mleta mada, sinki libaki lilipo. Maji machafu hayasukumwi na kitu, hushuka yenyewe kwa mteremko, na bomba lake linahitaji kushuka kama sentimita 2 na nusu kwa kila mita. Ukilisogeza mita 3, itabidi uvunje sakafu na kushusha bomba zaidi ya sentimita 7, halafu huenda ukafika nje ukakuta chemba iko juu kuliko bomba lenyewe. Nimeona watu wakimaliza fedha zao zote katika shimo hilo kabla hata kigae kimoja hakijabandikwa.

Kaunta jenga ya zege. Simamisha kuta fupi za tofali, mwaga juu yake bamba la unene wa sentimita 7 hivi lenye nondo, kisha bandika marumaru. Kina cha sentimita 60 kinatosha, na kimo kwa watu wengi ni kati ya sentimita 85 na 90, ingawa mimi humsimamisha mpishi mwenyewe akunje viwiko, nikapima kiganja kimoja chini yake. Katikati ya kuta hizo mimina rafu nyembamba za zege, ambazo mchwa hawazili. MDF ikilowa pembeni huvimba na hairudi tena, na chini ya sinki italowa tu, siku moja. Milango ya mbao itafuata ukipata fedha. Kwa sasa tundika mapazia.

Mama Watatu

Shikamoo, Fundi. Nakubaliana nawe kuhusu sinki na zege, lakini pazia la kitambaa karibu na moto silikubali hata kidogo; ni afadhali rafu zilizo karibu na jiko zibaki wazi.

Kaka, kabla ya kununua chochote, chora kaunta, friji na jiko sakafuni kwa chaki, kisha mwombe mama apike mlo mmoja huku akiheshimu mistari hiyo, nawe uhesabu hatua zake. Acha pia mahali pa mbuzi, kwa sababu mkuna nazi hukaa chini na kunyoosha miguu, jambo ambalo wachoraji wa makabati hawalikumbuki. Mkaa uondoke ndani kabisa: moshi wake usioonekana huua, hasa mlango ukifungwa wakati wa mvua. Mjengee mama jukwaa la tofali uani, lenye paa, karibu na dirisha ili apokezane vyombo na aliye ndani.

Mkazi wa Chumbageni

Nyongeza fupi. Nyaya za mwaka 1994 zikaguliwe na fundi umeme mwenye leseni kabla ya marumaru kubandikwa, na friji ipewe laini yake. Mtungi wa gesi usimame nje kivulini, mbali na mkaa wa mama, na ukutani pawe na matundu chini, karibu na sakafu, kwa sababu gesi hii ni nzito kuliko hewa na ikivuja hutuama.

Mleta mada

Nawashukuru sana. Jana tulichora chaki, na mama alipika mchuzi wa samaki huku akicheka. Tumegundua kwamba mlango wa friji ungegonga kaunta mahali fundi alipoichora, hivyo friji itahamia kona ya mlangoni, palipokuwa na jiko la mkaa. Sinki halisogei. Nitaanza na nyaya na bomba, kisha zege na marumaru, na jukwaa la uani litajengwa kwa tofali zilizobaki nyuma ya nyumba. Graniti nimeiacha. Jambo moja bado: mama anataka jukwaa lake liwe la kukalia kigoda, si la kusimama. Fundi Mstaafu, kimo chake kiwe kiasi gani?

Fundi Mstaafu

Mkalishe kwenye kigoda chake mwenyewe, weka jiko lake mbele yake, kisha inua kwa tofali moja moja mpaka aseme basi.