Somo la kukutana na kituo kwenye simuleta linatupotosha, hela yangu irudi!!!

Wakuu, nimetoka kupiga meza ss hv mpaka chai imemwagikia kibodi, kwahiyo mwandiko mtanivumilia.

Niko Moshi, Majengo, nina kistationari changu, wateja wakipungua nafungua gemu la kurusha roketi. Jina silitaji, siwapigii promo bure. Kuna somo la kukipata kile Kituo cha Kimataifa cha Anga, kinachozunguka kilomita kama 400 juu. Maelekezo yote ni mistari minne: subiri kituo kipite juu ya kichwa, washa injini, panda mpaka kimo cha kituo, elekeza pua kwake uongeze moto. Basi!!!

Nikaweka uwanja wa kurushia Malindi, pale baharini Waitaliano walipokuwa wanarushia miaka ile, ile setilaiti ya Uhuru ya 1970 ilitokea pale. Nikafuata somo neno kwa neno. Roketi inatumia kama dakika tisa kupanda, na dakika hizo tisa kituo hakikusubiri mtu, kinakata kilomita 7 na ushee kila sekunde, namaliza kupanda kiko mbele yangu kilomita 2,100. Nikasema poa, somo limesema elekeza pua ongeza moto, nikaongeza. Mzunguko mmoja baadae naangalia, 2,900. Naongeza tena, kinazidi kukimbia, yani namfukuza mtu huku narudi nyuma!

Usiku sikulala nikaanza kusoma mwenyewe. Kumbe hilo kosa lina miaka mingi kuliko mimi. Juni 1965 yule McDivitt, rubani wa chombo cha Wamarekani Gemini 4, alijaribu kusogelea kipande cha roketi yake mwenyewe kwa kukielekea na kuchoma moto, akakikosa mpaka wakaacha. Ukiongeza mwendo unapanda juu, ukipanda juu njia inakuwa ndefu na mwendo unapungua. Fikiria kiplefti cha mnara wa saa hapa mjini, boda akikaa mduara wa ndani basi akakaa wa nje, nani anamaliza kwanza? Unatakiwa ubaki CHINI. Ukikaa kilomita 200 unazunguka kwa dakika 88 na nusu hv, kituo kinatumia 92 na nusu, kila mzunguko unamla dakika nne, ambazo ni zaidi ya kilomita 1,800. Yani zile 2,100 zangu zilikuwa zinaisha mzunguko mmoja na kidogo bila kuchoma tone la mafuta, ndo kwanza unapanda kwake. Ss hawa waliotunga somo wanatutuma tupande moja kwa moja 400, kwann?

Na hapo sijafika kwenye saa ya kuruka, ambayo ndo imenivuruga zaidi. Njia ya kituo imeinama nyuzi 51.6 toka ikweta na dunia inazunguka chini yake, kwahiyo uwanja wako unapita chini ya ile njia mara mbili tu kwa siku. Ukichelewa dakika nne dunia imeshasogea nyuzi moja, na kuja kuinyoosha njia yako ukiwa huko juu kunakula mita 100 na kitu kwa sekunde (huko juu mafuta yanahesabiwa kwa mwendo unaoweza kuubadilisha nayo). Mimi nilikuwa nimebakiwa na 250 kwa kazi nzima. Haya, kusubiri hiyo saa unatumia kitufe cha kukimbiza mda, na kwenye somo kimefungwa kwenye mara 1,000, hakipungui. Mara 1,000! Kidole kikichelewa robo sekunde dakika nne hizooo. Nimejaribu mara kumi na moja, nimepatia mara moja. Na hiyo moja nahesabu sekunde 40 zimebaki, mama mmoja anaingia, "mwanangu nitolee kopi ya kitambulisho chapchap gari inaniacha." Utamwambia nini mama wa watu? Shikamoo mama, nikatoa kopi, nikatafuta chenji, narudi kituo kishapita kiko huko Somalia kwa mbele. Kusimamisha gemu kwenye somo hairuhusiwi, eti tujifunze uhalisia. Uhalisia gani wa kukimbiza mda mara 1,000??

Nimewaandikia wenye gemu wamenijibu "tafadhali fuata somo." Elfu 25 yangu, wakuu, kwa kopi za shilingi mia hiyo ni kopi 250.

Kama kuna mwenye faili za somo la toleo la zamani kabla hawajafunga kitufe aziweke hapa leoleo. Na yule anayejiandaa kucomment "soma maelekezo," nimeyasoma mara sita, ni mistari minne na wa nne ndo huo ulionipoteza.