Zege linalopitisha maji: kokoto za vifusi, matofali yaliyopondwa au chembe za matairi?

Mwenye kiwanja: Ndugu wanajukwaa, habari za kazi. Nataka kusakafia uwanja wa mbele ya nyumba yangu, Mbezi, kwa zege linalopitisha maji, kwa kuwa kila masika maji hutuama hadi kizingitini. Nimeshapata bei za vitu hivyo vitatu na fundi anasubiri jibu Jumamosi. Nichague kipi?

Fundi mkongwe: Hukusema udongo wa chini ni mchanga au mfinyanzi, wala kama patapita gari dogo au lori. Zege hili huachiwa uwazi wa asilimia 15 hadi 35 na karibu halitiwi mchanga, kwa hiyo haliwezi kubeba kama zege la kawaida. Matofali ya kuchoma ni laini, yaache.

Mama Maegesho: Vifusi vinafaa, ila sikilizeni yaliyonipata Tanga. Fundi hakuchekecha vumbi wala hakulowesha kokoto usiku uliotangulia, na saruji kuukuu iliyoganda kwenye kokoto hizo ilinyonya maji ya mchanganyiko, hata nilipoufumbata kiganjani ukamomonyoka kama pumba badala ya kushika umbo la donge. Hatukulifunika nailoni siku 7. Mwezi haukuisha kokoto zikaanza kubanduka chini ya matairi, na kwenye kona iliyokuwa na vumbi jingi maji yakatuama juu kama kwenye sakafu yoyote. Nililipa mara mbili.

Mpenda matairi: Pole sana, mama. Mimi bado natetea mpira, kwa njia ya miguu, kwa kuwa matairi yakichomwa moshi wake unatuumiza sote.

Fundi mkongwe: Kadiri mpira unavyozidi ndivyo nguvu inavyoshuka. Afadhali majivu ya makaa ya mawe yashike nafasi ya sehemu ya saruji.

Mama Maegesho: Majivu hayo huchelewesha zege kukomaa, na wapo mafundi wanaoleta majivu ya jikoni wakidhani ni yale yale.

Mwenye kiwanja: Samahani kwa kuchelewa. Udongo ni mfinyanzi, na lori la majitaka huingia mara kwa mara.

Fundi mkongwe: Basi swali si vifusi tena. Lori lipitie kwenye zege la kawaida, na penginepo utandike kokoto nene chini pamoja na bomba la kutolea maji. Bomba hilo litamwaga wapi?

Mwenye kiwanja: Mtaro uko upande wa jirani. Nitazungumza naye kabla ya Jumamosi.