Hesabu ya vitabu vya mwaka: daftari lasema 37, jedwali lasema 14

MsomajiKibokoni

Asalaam aleikum, na habari za jioni kwa wote. Orodha ya vitabu nilivyosoma 2025 naiweka mahali pawili: daftari dogo la mkononi na jedwali la Google Sheets kwenye simu. Daftari nikilihesabu kwa kidole napata vitabu 37. Jedwali nalo lina mistari 37, lakini fomula ya kuhesabu vilivyomalizwa ndani ya mwaka yanipa 14. Ni hii:

=COUNTIFS(E:E,">="&DATE(2025,1,1),E:E,"<="&DATE(2025,12,31))

Safu E ni tarehe ya kumaliza, naiandika hivi: 25/04/2025. Hakuna kisanduku kilicho kitupu.

La pili: vitabu vyenyewe ni mchanganyiko. Vya kuazima maktaba, vya mitumba, PDF, na vijitabu vya tenzi vya kurasa 30 au 40. Nyinyi mwahesabu vipi? Nataka 2026 nianze na mpango mmoja usionivuruga.

BintiMvita

Kaka, fomula yako ni nzima. Kilichoharibika ni tarehe. Fungua safu E uitazame tu bila kugusa kitu: tarehe nyengine zimeegemea kulia mwa kisanduku, nyengine kushoto. Za kulia ni tarehe za kweli. Za kushoto Sheets imeziona ni maneno, sawa na kama ungeandika "embe", na COUNTIFS haiwezi kuuliza kama embe iko kabla au baada ya Januari.

Jedwali lako limewekwa eneo la Marekani, na huko mwezi hutangulia siku. 25/04 kwao ni mwezi wa ishirini na tano, ambao haupo, kwa hivyo likabaki andishi. 03/04 ikapita, lakini ikasomwa Machi 4 badala ya Aprili 3. Hizo 14 zako ni vitabu ulivyomaliza kati ya tarehe 1 na 12 ya mwezi wowote. Piga hesabu: siku 12 katika 30, mara 37, unapata 14 na kitu.

Usikimbilie kubadilisha eneo ukadhani yamekwisha. Zile 14 hazijirekebishi. Zitabadilika sura tu, na uliyoiandika 03/04 utaiona 04/03. Anza hivi: chukua safu tupu, tuseme K, na kwenye K2 andika

=IF(ISNUMBER(E2),DATE(YEAR(E2),DAY(E2),MONTH(E2)),DATE(RIGHT(E2,4),MID(E2,4,2),LEFT(E2,2)))

Sehemu ya kwanza yazigeuza siku na mwezi zilizopishana. Ya pili yayakata maandishi vipande vitatu na kuyafanya tarehe. Kama K yakuonyesha nambari kubwa kama 45772 usishtuke, ni tarehe isiyovishwa nguo: ipe safu muundo wa tarehe. Buruta hadi mstari wa mwisho wenye kitabu, kisha linganisha vitano sita na daftari. Zikikubaliana, nakili K ubandike juu ya E kama thamani pekee. Ukibandika kawaida utakuwa umebandika fomula, na utapata makosa matupu. Ndipo sasa uende kwenye mipangilio ya faili na kuweka eneo liwe Uingereza.

Tahadhari moja: fomula hii yataka tarakimu mbili mbili. Uliyoandika 25/4/2025 itatoa #VALUE! kwa sababu MID itaokota "4/" pamoja na mkwaju wake. Hizo zirekebishe kwa mkono.

Kuanzia 2026 andika 2026-04-25, mwaka mbele. Mtindo huo haugombani na eneo lolote. Na ukiwa huko itazame safu ya kurasa, ugonjwa ni huo huo: ukiandika "uk. 212" hiyo si nambari tena, na SUM itairuka kimya kimya. Andika 212 peke yake.

Kaunta_Buku

Uzi huu wenyewe ni dalili, maana pasi na daftari kaka angeamini 14. Jedwali ni la kujumlisha. Ushahidi ni karatasi. Lakini daftari nalo lina adabu zake, hasa kwetu huku pwani.

Nunua kaunta buku ya kwaya 2, yaani kurasa 192, yenye jalada gumu na iliyoshonwa kwa uzi. Yale madaftari ya pini za stepla, hewa ya bahari huzipa pini kutu, na kutu ikala karatasi pale pale kwenye mkunjo. Kalamu iwe biro ya kawaida, ambayo wino wake ni wa mafuta. Kalamu ya jeli hutumia wino wa maji. Mkono wenye jasho ukipita tu, jina la mwandishi limepakaa. Penseli ya HB haina neno.

Kurasa mbili zinazotazamana zifanye mstari mmoja mrefu. Kushoto: nambari, tarehe ya kuanza, tarehe ya kumaliza, jina la kitabu, mwandishi. Kulia: mchapishaji na mwaka wa toleo, kurasa, lugha, kilikotoka, na sentensi mbili za maoni. Mbili, si kumi. Anayejiwekea kuandika ukurasa mzima kwa kila kitabu huacha mwezi wa Machi. Ruka mstari mmoja kila kitabu. Ukurasa wa mistari 32 wachukua vitabu 16, hivyo 37 vyako vyaenea katika jozi tatu za kurasa.

Jambo linalookoa zaidi ni kadi. Kata manila vipande vya sentimita 5 kwa 18, na kila kitabu unachokianza kipe kadi yake. Hiyo ndiyo alama ya ukurasa. Juu andika jina, kilikotoka, tarehe ya kuanza, na kama ni cha maktaba tarehe ya kurudisha. Chini yake, kila ukifunga kitabu, tarehe na ukurasa uliofikia: "12/3 – 88". Hilo lawezekana hata ukiwa umesimama kwenye feri ya Likoni. Makosa hutokea siku ya kurudisha: kitabu chaenda na kadi ndani yake, na mwaka wa toleo, mchapishaji na kurasa zote zaenda nacho. Kitabu kisivuke mlango kabla kadi haijanakiliwa daftarini.

Risiti za duka usizibandike ukidhani ni kumbukumbu ya bei. Karatasi zile huchapwa kwa joto bila wino, na maandishi yake hufifia kwa muda; mwishowe wabakiwa na karatasi nyeupe. Andika bei.

Na daftari lisikae kwenye kabati lililoegemea ukuta wa nje wakati wa masika. Unyevu hewani ukipita asilimia 65 hadi 70 kwa muda, kuvu huanza. Liache hewani, mbali na ukuta, na lipanguse kwa kitambaa kikavu, si chenye maji.

MsomajiKibokoni

Dada BintiMvita, 37! Tatu zilitoa #VALUE! kama ulivyosema, zote za 25/4 na ndugu zake. Shukrani sana. Mzee Kaunta_Buku, manila nshaikata.

Bado tenzi. Na hili la mwaka wa toleo lina faida gani? Mimi nilikuwa naandika jina na mwandishi basi.

Rafu_ya_Nane

Tenzi kwanza. Kuna kipimo cha kimataifa ukikitaka: UNESCO, katika pendekezo lake la 1964 kuhusu takwimu za vitabu, ilisema kitabu ni chapisho lisilo la mfululizo lenye kurasa 49 au zaidi bila kuhesabu jalada, kuanzia 5 hadi 48 ni kijitabu. Kwa hivyo tenzi zako za kurasa 30 na 40 ni vijitabu. Sisemi uzitupe nje ya hesabu. Utenzi wa kurasa 36 waweza kukukalisha wiki ukiusoma kwa kamusi, na riwaya ya kurasa 300 ukaimaliza siku mbili. Weka safu ya "aina" yenye herufi moja, K kwa kitabu au J kwa kijitabu, uhesabu zote kisha utenganishe. Kosa ni kubadilisha kanuni katikati ya mwaka: Februari kijitabu ni kitabu, Novemba si kitabu, na jumla haina maana tena.

Kurasa: andika nambari ya mwisho iliyochapwa kwenye matini. Zile za utangulizi zenye nambari za Kirumi ziache. Kwenye PDF usichukue nambari inayoonyeshwa na programu, maana yenyewe huhesabu jalada na kurasa tupu pia. Vya simu ambavyo kurasa hubadilika ukikuza herufi, tumia kurasa za toleo la karatasi kama lipo. Kama halipo, acha wazi. Kisanduku kitupu ni bora kuliko nambari ya kubuni.

Sasa mwaka. Chukua Diwani ya Muyaka. Mshairi Muyaka bin Haji wa hapa hapa Mvita alifariki 1840; diwani ilitolewa na mhariri William Hichens kule Johannesburg mwaka 1940. Ukiwa na safu moja ya "mwaka", utaandika upi? Ukiandika 1940, shairi la zama za vita vya Mazrui laonekana la karne ya ishirini. Ukiandika 1840, kesho huwezi kulipata toleo ulilolisoma, wala ukurasa ulionakili ubeti. Weka safu mbili: mwaka wa utunzi (au "k. 1840" kama ni makadirio) na mwaka wa toleo. Wa toleo hutafutwa nyuma ya ukurasa wa jina, penye hakimiliki. Chunga tu usichukue mwaka wa kuchapwa upya ukidhani ndio wa toleo: "Toleo la kwanza 1988, limechapwa tena 1991, 1994" maana yake ni toleo la 1988.

Ukitaka toleo lisikupotee kabisa, andika ISBN, ile nambari ya utambulisho ya kitabu. Za Kenya huanza 978-9966 au 978-9914. Ni tarakimu 13 tangu 2007. Kabla ya hapo zilikuwa 10. Ya mwisho ni ya kukagua, na hukukamata papo hapo ukikosea kunakili. Mfano, nambari ya kubuni: 978-9966-12-345-9. Chukua 12 za mwanzo, zidisha kwa 1, 3, 1, 3 hadi mwisho, ujumlishe. Hapa jumla ni 131. Kilichobaki kufikia 140, kumi kamili inayofuata, ni 9, na 9 ndiyo tarakimu ya mwisho. Kwa vitabu vya zamani, wengi hutia 978 mbele ya zile 10 wakadhani wamemaliza; tarakimu ya mwisho hubadilika, lazima ihesabiwe upya. Na kwenye jedwali ipe safu hiyo muundo wa maandishi kabla hujaandika chochote, la sivyo huenda ukaona 9.78997E+12, na zile za tarakimu 10 zinazoanza na sifuri zitapoteza sifuri yake.

nyali_msomi

Kwa nini mnajitesa? Programu za kuorodhesha vitabu zimejaa: Goodreads ipo, StoryGraph ipo.

BintiMvita

Zipo na si mbaya, ila fahamu zinapovuja. Goodreads, kitabu ukikiweka kwenye rafu ya vilivyosomwa bila tarehe ya kumaliza, hakiingii kwenye shindano la mwaka. Watu hulalamika hesabu imepungua kumbe ni hilo. Vitabu vya Kiswahili mara nyingi havina jalada wala kurasa, au kitabu kimoja kimeingizwa mara mbili, mwandishi Shaaban na Shaban. Utaingiza mwenyewe, na hapo daftari la mzee ndilo litakalokupa data. StoryGraph hupokea faili la Goodreads na hukubali nyota za robo. Yoyote utakayoitumia, kila mwisho wa mwezi toa nakala ya faili kupitia kivinjari. Nakala hiyo usiifungue kwa kubofya mara mbili kwenye Excel ukaihifadhi, ISBN zaweza kugeuka vile vile.

Abu_Kuze

Shekhe, na wanaosoma msahafu: khatma, yaani kuusoma wote hadi mwisho, isichanganywe na orodha hii. Tengeneza jedwali dogo la visanduku 30, kimoja kwa kila juzuu, utie tarehe. Msahafu wa Madina una kurasa 604. Ukiumwaga ndani ya jumla ya kurasa, Ramadhani yote itaonekana kama umesoma riwaya mbili. Na ukitaka safu ya mwezi wa Hijria, iandike kwa mkono. Fomula hufuata kalenda ya hesabu, na mwandamo wetu mara nyingine hupishana nayo siku moja.

MsomajiKibokoni

Mmenimaliza kiu. La mwisho kabisa: kuna kitabu nimekianza Desemba 20 na bado nakisoma. Ni cha 2025 au 2026?

Kaunta_Buku

2026, kwa sababu hesabu yako yafuata tarehe ya kumaliza. Kurasa ukitaka kuzigawa kwa miaka miwili, tazama kadi: kurasa hadi ule ulioandika mwisho kabla ya Januari 1 ni za 2025, zilizobaki ni za mwaka mpya. Ikiwa kadi haina kitu kati ya tarehe 20 na 31, zote zitie 2026.