Mjadala: Je, majibu ya panya yanatosha kuuita mmea dawa ya jongo?

Mleta mada:
Ndugu wachangiaji, kuna wauzaji wa mitishamba wanaotangaza kuwa dawa zao za jongo, yaani maumivu ya viungo yanayoletwa na fuwele za asidi ya yuriki ikizidi kwenye damu, zimethibitishwa kitaalamu, lakini ukiufuatilia utafiti wenyewe unakuta ni wa panya. Msimamo wangu ni kwamba hautoshi. Panya, tofauti na binadamu, ana kimeng'enya (protini inayoharakisha mabadiliko ya kemikali mwilini) cha yurikesi kinachoivunja asidi ya yuriki kuwa alantoini, ambayo figo huitoa kwa urahisi; kwa hiyo mtafiti humpa kwanza kemikali ya potasiamu oksoneti ili kukizuia kimeng'enya hicho, ndipo ampe maji ya mmea na kumpima damu. Huyo ni mnyama aliyepandishiwa asidi kwa muda mfupi, si mzee ambaye fuwele zimejijenga kwa miaka katika kidole gumba cha mguu.

Majaribio ya chupa, yaani ya maabara nje ya mwili, yana udhaifu zaidi. Mimea mingi huzuia zanthini oksidesi, kimeng'enya kinachotengeneza asidi hiyo, lakini utumbo na ini huzibadilisha kemikali za mmea, na kinachofika kwenye damu huwa kidogo.

Ushuhuda wa wagonjwa nao haunishawishi, kwa sababu shambulio la jongo kwa kawaida hupoa lenyewe ndani ya wiki 1 hadi 2, na chochote alichokunywa mgonjwa siku hizo ndicho kitakachosifiwa. Isitoshe, asidi inaweza kuonekana ya kawaida mtu akipimwa katikati ya maumivu.

Mchangiaji:
Ndugu mleta mada, kuhusu panya sina ubishi nawe. Hata hivyo, ukidai majaribio ya watu unamtwika mganga gharama ambayo hata kampuni kubwa haina hamu nayo, kwa kuwa ni vigumu kupata hataza (haki ya kisheria ya kuuza uvumbuzi peke yako) ya majani ya mlonge ambayo kila mtu anayo uani. Tena kolchisini, dawa ya hospitali, ilitokana na mmea uliotumika kwa jongo karne nyingi kabla ya maabara.

Mleta mada:
Kolchisini hutuliza uvimbe, haishushi asidi, na dozi ikizidi inaua. Kilichoifanya iaminike ni kupimwa. Kuhusu gharama, sidai majaribio ya maelfu ya watu. Mwaka 2016 watafiti wa Chuo Kikuu cha Leeds waliwapa wanaume 22 wenye afya miligramu 500 za kwasetini, kemikali iliyomo pia katika vitunguu, kila siku kwa wiki 4, wakalinganisha na vidonge visivyo na dawa, na asidi ikashuka kwa maikromoli 26.5 kwa lita. Ni punguzo dogo, lakini limepimwa kwa watu. Jaribio la ukubwa huo lilipiwe na fedha za umma kupitia taasisi kama ile ya Tiba Asili ya Muhimbili, si mganga mmoja mmoja. Hadi hapo, muuzaji asimwambie mtu aache alopurinoli, dawa ya hospitali ya kushusha asidi hiyo, ambayo mafanikio yake hupimwa kwa asidi kushuka chini ya miligramu 6 kwa desilita na kubaki huko.