Saa ya Waltham ndani ya kasha la Birmingham: je, ni halisi?

Swali
Habari zenu. Hapa Uingereza nimenunua saa ya mfukoni inayojazwa kwa ufunguo, yenye jina la Waltham, kiwanda cha saa cha Marekani, kwenye uso na kwenye mashine ya ndani. Hata hivyo, kasha lake la fedha lina chapa ya nanga, simba anayetembea na herufi A.L.D., na namba ya kasha hailingani na ya mashine. Rafiki yangu anasema ni saa ya kuunganishwa vipande. Naomba mwongozo kabla sijampelekea fundi.

Jibu la kwanza
Ndugu, namba kutolingana si kasoro hata kidogo, kwa sababu mashine ilitengenezwa Massachusetts na kasha likatengenezwa mahali pengine, kila upande ukiwa na hesabu yake. Nanga ni chapa ya ofisi ya upimaji ya Birmingham, na simba anathibitisha ubora wa fedha. A.L.D. ni Aaron Lufkin Dennison, na hapo ndipo saa yako inaponifurahisha: mtu huyo alikuwa miongoni mwa waanzilishi wa kiwanda kilichokuja kuitwa Waltham, kisha akahamia Uingereza, na kuanzia miaka ya 1870 akawa anatengeneza makasha Birmingham, yakiwemo ya kuvalishwa mashine za kiwanda kilekile alichokiacha.

Jibu la pili
Nakubaliana, ila rafiki yako asipuuzwe. Tazama ukingo wa ndani wa kasha, pale skrubu zinapoishikilia mashine: ukiona alama za skrubu mahali pasipo na skrubu sasa, kasha hilo liliwahi kubeba mashine nyingine. Kisha linganisha herufi ya mwaka iliyo kwenye chapa, yaani ile inayoonyesha mwaka kasha lilipopimwa, na mwaka unaotokana na namba ya mashine. Tofauti ya mwaka mmoja au miwili ni ya kawaida, ya miaka ishirini si ya kawaida. Nakusihi usiisugue fedha, kwani chapa zikifutika ushahidi wote umepotea, na usiijaze kabla fundi hajaondoa mafuta ya zamani yaliyoganda.

Muuliza swali
Ahsanteni sana. Nimeangalia kwa lenzi: alama ni mbili tu, na zote zipo chini ya skrubu zake. Nilikuwa nimeshapanga kuihamishia mashine hii kwenye kasha la Kimarekani. Sasa itabaki ilipo.