Nembo ya PDF kwenye Inkscape: herufi zinapandana, plota inakata mistari isiyoonekana

StikaMwaloni:
Wakuu, habari za kazi. Kuna nembo ya kikundi cha wavuvi wa dagaa imeletwa kwa PDF, inatakiwa ikatwe kwenye vinili na kubandikwa ubavuni mwa mitumbwi hapa Mwaloni, Kirumba. Upana sm 60. Natumia Inkscape 1.3, programu ya kuchora, na plota, mashine ya kukata vinili kwa kisu. Nikiingiza faili, herufi zinabadilika sura na kupandana. Pia plota inakata mistari ambayo kwenye skrini haipo. Nirekebishe wapi?

Plota_Nyegezi:
Mkuu, tuanze na herufi. Dirisha linalofunguka baada ya Ctrl+I lina njia mbili. Njia ya ndani ya Inkscape huacha maneno yabaki maneno, lakini fonti usiyokuwa nayo hubadilishwa na nyingine. Nafasi ya kila herufi imeandikwa ndani ya PDF kwa vipimo vya fonti ya awali, kwa hiyo fonti mbadala ikiwa pana zaidi, lazima zipandane. Njia ya Poppler/Cairo huleta herufi zikiwa michoro. Sura haibadiliki, ila neno huwezi kulisahihisha. Kwa kazi ya kukata chagua hiyo. Plota haijui fonti, inafuata mstari tu. Ukishaingiza, vunja makundi kwa Ctrl+Shift+G mpaka yaishe, kisha Shift+Alt+D kuzitenganisha, maana herufi hizo huja kama nakala zilizofungwa kwa mchoro mama. Mwisho Ctrl+Shift+C, kugeuza kila kilichobaki kuwa mistari.

RangiNaMistari:
Mistari isiyoonekana ni ya klipu, yaani umbo linaloficha kila kilicho nje yake. PDF huficha sehemu ya umbo kwa klipu bila kuifuta, na programu nyingi za plota hazijali klipu: kisu kinapita kwenye umbo zima. Bonyeza Ctrl+5, urudie mpaka uone mifupa ya mchoro, mistari hiyo utaikuta yote. Fungua klipu kwenye menyu ya Objekti. Hapo umbo la klipu nalo linajitokeza kama mchoro wa kawaida, na wengi hulisahau. Kama halikuficha kitu, lifute. Kama lilikuwa linaficha kweli, chagua hilo pamoja na umbo lililo chini yake, bonyeza Ctrl+*, ibaki sehemu ya pamoja pekee. Tafuta pia mstatili mweupe wa ukurasa nyuma kabisa. Huo futa tu.

Ukiona mstatili mmoja mtupu kwenye Ctrl+5, hiyo ni picha iliyoskaniwa. Omba faili la asili kabla ya kuhangaika na Shift+Alt+B, ya kugeuza picha kuwa mistari.

StikaMwaloni:
Shukrani sana. Na jina la mtumbwi wa pili ni tofauti, nalibadilishaje?

Plota_Nyegezi:
Endesha pdffonts, amri ya kuandikwa kwenye terminali, kwenye faili, itakutajia fonti. Jina likitanguliwa na herufi sita na alama ya +, PDF imebeba herufi zilizotumika tu, kwa hiyo fonti kamili uisakinishe mwenyewe. Kisha ingiza upya kwa njia ya ndani, andika jina jipya, ndipo Ctrl+Shift+C.

RangiNaMistari:
Pima kabla ya kukata. Inkscape huhesabu pikseli 96 kwa inchi, na programu ya plota inayosoma 72 itakugeuzia sm 60 kuwa sm 80. Ukiona hivyo, punguza hadi asilimia 75 kwenye programu ya plota.