Marisau ya risasi kwa bata mzinga: yapigwe marufuku?

Mleta mada: Wakuu, naishi Missouri, jimbo linaloongoza Marekani kwa kuchimba madini ya risasi. Sehemu kubwa ya huku bado unaruhusiwa kumpiga bata mzinga kwa marisau ya risasi. Kwa mabata wa majini yalikatazwa nchi nzima tangu 1991, na California ikayakataza kwa uwindaji wote 2019. Sasa naona shinikizo la kumwingiza na bata mzinga. Napinga.

Hesabuni milio. Mwinda hua anamaliza boksi la raundi 25 asubuhi moja, shamba lilelile, mwaka hadi mwaka. Mwinda bata mzinga akifyatua mara mbili msimu mzima amefyatua sana. Tena unalenga kichwa na shingo, nyama ya kifua inabaki salama. Raundi ya tungsteni, ile metali nzito kuliko risasi, ni ghali mara kadhaa kuliko ya risasi. Mnamkamua nani hapo?

Firigisi: Mkuu, ndege huyu humeza changarawe za kusagia chakula. Punje ya risasi kwake ni kijiwe kama vijiwe vingine. Na yule uliyemjeruhi akaenda kufia kichakani, tai anamla pamoja na sumu yake. Lugha yetu nayo imetuponza: risasi ni madini, risasi ndiyo hiyohiyo inayotoka mtutuni. Ukimwambia mtu "risasi isiyo na risasi" anadhani umelewa.

Mzee wa Chuma: Kwani lazima tungsteni? Chuma kipo na bei yake inavumilika. Ni chepesi, kwa hiyo chukua punje kubwa, namba 4, na umsubiri ndege afike yadi 30. Ila fungua na uitoe ile choki (kipande cha mdomo wa mtutu kinachobana marisau yasitawanyike) ya kubana sana iliyotengenezewa risasi. Chuma hakibonyei kama risasi kikipita kwenye mdomo uliobanwa, unaweza kuharibu mtutu.

Mleta mada: Yadi 30 rahisi kusema. Dume lina macho, mzee.

Hatua Arobaini: Mimi bei hainikeri, wananikera watu. Sentimita moja ya ujazo ya marisau ya tungsteni ina gramu 18 hivi, risasi 11, chuma hazifiki 8. Ndiyo maana wanatumia punje ndogo za namba 9: aunsi moja ina zaidi ya 350, wakati risasi namba 5 ni kama 170. Bonge la zana. Lakini sasa mtu anajisifu amepiga yadi 60! Raha yote ya huyu ndege ni kumwita kwa sauti ya jike mpaka aje mwenyewe, anajitanua mkia. Ukimpiga toka kule, ulimwitia nini?

Na wengi hawajawahi hata kupiga karatasi. Chora duara la inchi 10, simama yadi 40, hesabu matundu.

Mleta mada: Hapo kwenye karatasi nakubali. Choki yangu ya kubana kuliko zote ilitawanya risasi namba 6 ovyo, pengo katikati kabisa. Niliyoilegeza kidogo ndiyo ikajaza duara. Jumamosi nitajaribu chuma namba 4 kwa yadi 30, choki ya wastani. Zikitosha shingoni nitasema hapahapa.

Ila zile boksi za hua hakuna aliyenijibu.